Ameanza Kukimbia

Mtu akitaka kunikasirisha, aje aniambie, "Pole mama, mbio ndizo zilikuponza." Nimeambiwa hivyo na wachungaji, nimeambiwa na wauza vitumbua, nimeambiwa mpaka na watoto ambao mwaka ule hata mama zao walikuwa hawajavunja ungo. Mbio hazikuniponza. Nitaeleza ilivyokuwa, na atakayebisha abishe, mimi nimeshazoea.

Naitwa Wankyo, mtoto wa Butiama, niliolewa Nyasura hapa Bunda. Shuleni hakuwepo msichana wa kunikamata kwenye mita mia nane, na wavulana nao nilikuwaga nawaacha, wakifika wananinunia. Mwalimu wetu wa michezo, Boniphace, alikuwa anaangalia saa yake, anaitikisa, anaiweka sikioni, anadhani imeharibika. Nilipomaliza shule mkoa uliniita niende Mwanza kwenye mashindano. Baba akasema miguu ya mtoto wa kike kazi yake ni kumfikisha kwa mume. Ng'ombe zikaja, kaka yangu Ryoba akazichukua akaoa nazo, na mimi nikaletwa kwa Danford.

Sikulia sana, nisije nikasema uongo. Danford alikuwa kijana mzuri, karani wa bandarini Musoma, anakuja nyumbani mwisho wa mwezi na sukari na mikate. Mimi nilikaa Nyasura na mama yake, Boke. Wakati huo ndiyo tumehamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mistari, na shamba la pamba ni la wote. Humo ndimo nilimzaa mwanangu wa kwanza, Susana. Alikuja kwa shida, nikachanika, nikashonwa.

Arobaini haijaisha, Mwalimu Boniphace akapiga hodi. Alikuwa ameshaacha kufundisha, sasa ni afisa utamaduni, na ameanza kitambi. Mama mkwe akampa uji. Akanywa, akasema, "Wankyo, mkoa hauna mwanamke wa mita mia nane. Saba Saba hii wanachagua timu pale Musoma. Atakayeshinda anaingia kambini Dar es Salaam, na huko magereza na jeshi wanawaajiri wakimbiaji. Mwakani nafasi hiyo itakuwa na mwenyewe."

"Mwalimu, huyu ana mtoto mchanga," mama mkwe akasema.

"Mama, hata Wazungu wanazaaga na wanakimbia."

"Basi wakimbie hao hao."

Yule mwalimu akacheka, akaaga. Lakini mimi usingizi uliniisha. Nilikuwa namnyonyesha Susana huku miguu yangu inatikisika yenyewe chini ya kanga. Nilitaka ile nafasi kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na sioni haya kulisema.

Siku nilipotoka ndani nilimwachia mama mkwe mtoto, nikasema naenda kuchuma mboga. Nikafika njia ya nyuma ya shule, nikakaza kanga kiunoni, nikatoka mbio. Jamani! Sikufika popote. Tumbo lilikuwa linacheza peke yake, matiti yamejaa yanauma, na mkojo ukanitoka, ukashuka miguuni mpaka kwenye vidole. Mimi Wankyo, nimejikojolea njiani kama mtoto. Nilikaa kwenye majani nikalia kwa hasira. Nilipomaliza kulia nikaenda zahanati, maana mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimeshazaa, sikuwa na uchi wa kuficha tena.

Mkunga wetu alikuwa Dafroza, Mhaya mmoja mfupi, mkali, aliyefundishwa hospitali ya misheni kwao. Nilimweleza yote. Akanilaza kitandani, akaniambia ninyanyue kichwa, akanididimiza vidole katikati ya tumbo.

"Unasikia vidole vinazama? Hapa nyama zimeachana, bado hazijakutana. Na huko chini ulikoshonwa bado kumelegea. Mwili umefunguka miezi tisa, wewe unataka ufunge siku moja?"

"Nesi, Saba Saba iko karibu."

"Saba Saba ipo kila mwaka. Kizazi unacho kimoja. Haraka haraka haina baraka, na kwenye mambo haya haina hata huruma." Halafu akaniangalia vizuri. "Unataka kweli kukimbia?"

"Nataka."

"Basi utafanya ninavyosema, siyo unavyotaka."

Akanifundisha. Nilale chali, magoti juu, nivute pumzi, na nikiitoa nikaze huko chini kama mtu anayezuia mkojo, nilegeze, nikaze tena. Nilikuwa nakaza nikinyonyesha, nikisonga ugali, nikiwa kanisani Mzee Nathanieli, mkwe wangu, anaomba sala ndefu. Akaniambia nianze kwa kutembea tu, na nikiona uzito unaniburuta chini, au damu imerudi, au mkojo unatoka, niache siku hiyo, nisishindane nao. Nimnyonyeshe mtoto kwanza ndipo nitoke, na nifunge kifua kwa kitambaa kipana. Nile, ninywe maji na uji wa ulezi, kwa sababu mtoto na mbio wote wanakula kwenye chungu kimoja.

Halafu akauliza, "Maji nyumbani anachota nani?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Sikuelewa swali. Nikamwambia kwa debe.

Alipandwa na hasira yule mwanamke! "Debe kichwani, na hali hii, halafu unakuja kuniuliza habari za mbio! Mbio ni za mwisho. Debe ndilo la kwanza."

Kesho yake alikuja nyumbani mwenyewe. Akamwambia mama mkwe nisibebe kitu kizito mpaka yeye aseme. Mama mkwe akasonya. "Sisi tulizalia shambani, jioni tukarudi na kuni kichwani."

"Kweli, mama," Dafroza akasema. "Na wangapi kati yenu mkicheka sana hamjikojolei?"

Mama mkwe akaenda akalitoa debe jikoni. Toka siku hiyo alichota maji mwenyewe, nusu debe, huku ananitupia jicho. Dafroza akaenda pia kwa mwenyekiti wa kijiji, na mwenyekiti wa kijiji alikuwa huyo huyo Mzee Nathanieli, baba mdogo wa Danford. Wakakubaliana kwamba waliojifungua karibuni wasibebe magunia wakati wa mavuno, wakae kivulini wachambue pamba, safi huku na chafu huku. Mzee Nathanieli alikubali mbele za watu na akapigiwa makofi. Siasa yenyewe ilikuwa inasema akina mama waheshimiwe.

Basi nikaanza. Nilitembea alfajiri wiki nyingi, kutembea tu, mpaka chini ya mlima wa Balili na kurudi, na mbwa wote wakanizoea. Dafroza akanipima tena tumbo, akatikisa kichwa, akanirudisha kutembea. Nilimchukia siku ile. Alipoona nyama zimekutana ndipo akaniruhusu kukimbia kidogo kwenye njia ya mchanga, kutoka nguzo ya simu mpaka nyingine, halafu inayofuata natembea. Nguzo kwa nguzo, polepole, mpaka ikafika siku nikasahau kutembea. Nilikimbia tu, nikavuka nguzo zote, na huko chini hapakuvuja, hapakuvuta, hapakuuma. Nilipiga kelele peke yangu barabarani. Mchunga ng'ombe mmoja akaniuliza kama nimegombana na mtu.

Nilimnyonyesha mwanangu, nikambeba, nikamwambia, "Susana, mama yako amerudi." Nilikuwa nimerudi kweli. Hakuna aliyenipa mwili ule, niliurudisha mwenyewe, kidogo kidogo, kwa akili. Na pamba ilikuwa imeanza kupasuka mashambani, Saba Saba iko mlangoni.

Sasa majirani. Majirani wa kijiji cha mistari wanaonana mpaka wanavyopiga miayo. Wakaanza kumuuliza mama mkwe, "Mama Danford, mkamwana wako anaendaga wapi kila alfajiri na kaptula?" Niliivaa kaptula yangu ya shule, na kanga juu yake, nikifika njiani naifungia shingoni. Mama mkwe aliona aibu. Angeniuliza ningemjibu. Hakuniuliza, akaamua kumpelekea mwanae habari.

Aliyekuwa anakwenda Musoma siku hiyo ni Felisiani, utingo wa lori la pamba, Mkerewe. Kwa kilugha chetu hasikii kitu, ikabidi mama mkwe aongee Kiswahili, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza gulioni. Akamwambia, "Mwambie Danford, mke wake ameanza kukimbia." Mimi nilikuwa ndani, nilimsikia kwa masikio yangu, na nikanyamaza, nikijua Danford akija nitamweleza.

Felisiani alipakia, akashusha, akala, akapakia tena. Alipofika bandarini akamkuta Danford amezungukwa na makarani wenzake. Akamwambia kwa sauti ya utingo, "Bwana, mama yako anasema mke wako amekimbia."

Neno moja lilidondoka njiani. Kama mtu anasoma hapa na siyo wa kwetu, nimwambie: mke akikimbia kwetu, maana yake amevunja ndoa, ametoroka kwa mume, na ng'ombe zinadaiwa. Mwanamume akiambiwa hivyo mbele ya wenzake hana pa kuweka uso. Danford hakuja Nyasura kuangalia kama nipo. Hasira na aibu vikampandisha gari mpaka Butiama kwa baba yangu, na njiani akamchukua binamu yake wa kumshuhudia. Akafika akasema, "Binti yako amekimbia. Nataka ng'ombe zangu."

Ng'ombe zenyewe ziko wapi? Ryoba ameolea. Mke wa Ryoba alikuwa jikoni, akasikia, akaanza kulia akifunga nguo zake, maana ng'ombe zikirudi kwetu na yeye atarudi kwao. Danford na binamu yake wakaingia zizini wakafungua zile chache baba alizobaki nazo, mbele za watu, wakazitoa nje. Majirani wote waliona. Kwetu kufungua ng'ombe za watu siyo kuuliza swali, ni kutoa hukumu.

Baba akawaomba, "Twendeni kwanza Nyasura, tumuulize mama yako huyu mtoto kakimbilia wapi." Wakapata lori, wakapanda nyuma, baba, Ryoba, Danford na binamu. Walisafiri usiku kwa usiku, na kulipokucha walikuwa wanaikaribia Bunda.

Nao walinikuta wapi? Barabarani, nakimbia! Nimevaa kaptula, kanga shingoni, mtoto nimemwacha kwa bibi yake, uso nimeuelekeza Musoma, na siku hiyo mwili ulikuwa mwepesi, nakimbia kweli kweli. Nikasikia lori linapiga honi, nikadhani linataka nilipishe, nikaongeza mwendo.

"Huyo! Anakimbia huyo!" Ni sauti ya Ryoba. "Wankyo, simama!"

Nilisimama. Wakaruka kwenye lori. Baba akanishika mkono kwa nguvu, analia. Sikuwahi kumwona baba yangu akilia. "Mwanangu, unamwacha hata mtoto anayenyonya? Unakimbilia kwa mwanaume gani?"

"Baba, mwanaume gani? Nafanya mazoezi!"

"Mazoezi ya nini?"

"Ya kukimbia."

"Si ndiyo hayo hayo tunayosema!"

Nilicheka. Ningejua yaliyo mbele nisingecheka, lakini nilicheka mpaka nikashika magoti. Danford hakucheka. Alikuwa ananiangalia kaptula, halafu jasho, halafu miguu, na nikaona anaelewa taratibu kwamba mkewe hakutoroka, na kwamba yeye ameshafungua ng'ombe za watu zizini mbele ya kijiji kizima. Uso ulimbadilika. Bora ingekuwa nimetoroka kweli, angejua la kufanya.

Kikao kikakaa siku hiyo hiyo nyumbani kwa Mzee Nathanieli. Mama mkwe akaapa alisema "ameanza". Felisiani akaapa aliambiwa "amekimbia". Watu wakacheka, wakafutana machozi. Nikafikiri yameisha, tutakula ugali na kila mtu aende kwake. Kumbe kicheko kilikuwa cha kusafisha koo tu.

Wazee wa kwetu hawawezi kuliacha jambo likae wazi. Ng'ombe zikishafunguliwa lazima mbuzi achinjwe, na mbuzi akichinjwa lazima awepo mwenye kosa. Nani mwenye kosa? Danford? Mkwe akikosa mbele ya wakwe ni fedheha ya ukoo. Baba yangu? Yeye ndiye aliyedhalilishwa. Mama mkwe ni mtu mzima. Felisiani ni mtu wa kupita. Nikaona macho yanazunguka chumba, yanamruka mmoja mmoja, mpaka yakafika kwangu yakatua.

"Kama mtoto huyu angekaa ndani kama wanawake wengine," Mzee Nathanieli akasema, "haya yote yangetoka wapi?"

"Baba, nesi mwenyewe ameniruhusu," nikasema. "Mwiteni. Nilianza polepole, nimepimwa, nimepona. Saba Saba nakimbia kwa ajili ya mkoa."

"Mkoa umekuoa?" Watu wakacheka tena. "Mwanamke aliyezaa juzi akikimbia kizazi kinaanguka. Hiyo hata mtoto anajua."

Wote wakaitikia, na wanawake waliokaa mlangoni wakaitikia kwa sauti kuliko wanaume. Nikamgeukia Danford. Alikuwa amesoma, anakaa mjini, anafanya kazi na Wahindi na Wazungu wa meli. Nikamwambia, "Baba Susana, sema neno." Akaangalia viatu vyake. Neno moja tu lingetosha, angesema tu, "Niliharakisha mimi." Hakulisema. Niliishi naye mpaka alipokufa, nikampikia, nikamzalia, nikamuuguza, na hilo sikumsamehe.

Mzee Nathanieli akatoa uamuzi. Mbuzi atatoka kwa Danford, mbio zimekwisha, na tena akaongeza, "Sisi kijiji tulimwonea huruma, tukamkalisha kivulini achambue pamba, kumbe nguvu anazo. Kama ana nguvu za kukimbia, ana nguvu za kubeba. Kesho aingie kwenye magunia na wenzake. Ujamaa hauna mtu wa kukaa kivulini."

Wakapiga makofi. Walewale waliompigia makofi siku ile ya kwanza.

Nikamkimbilia Dafroza. Alikwenda kwa mwenyekiti, akagomba. Akawaambia, "Miguu na mgongo wa huyu nimeviandaa kwa mbio. Kubeba gunia ni jambo lingine, linakandamiza kutoka juu, ndani ya tumbo, na bado ananyonyesha, viungo bado laini. Mpeni mpaka msimu ujao." Mzee Nathanieli akamuuliza swali moja: "Nesi, wewe unasema kukimbia ni salama ila kubeba ni hatari?" "Ndiyo." Akawageukia wenzake. "Mmesikia maajabu?" Wakamcheka mpaka akatoka.

Watu wasiolima wanadhani pamba ni nyepesi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Waje wabebe pamba yenye mbegu iliyoshindiliwa guniani na wanaume kwa miguu, ndipo waseme. Mwaka ule lori lilikwama mbali, na magunia yalitoka shambani mpaka ghala la chama kwa vichwa vya wanawake. Wanaume walikuwa kwenye mizani. Niliingia mstarini. Wanawake wawili wakaninyanyulia, nikajitwisha, nikakaza huko chini kama nilivyofundishwa, nikapumua, nikaenda. Safari ya kwanza nilifika. Siku ya kwanza nilimaliza. Nikajipa moyo kwamba Saba Saba ikifika nitatoroka kweli asubuhi nikakimbie, wafungue ng'ombe wakitaka.

Siku zilizofuata nilianza kusikia uzito, ule ule niliokatazwa kushindana nao. Mbio ukiona hivyo unaacha, unatembea, unarudi nyumbani. Gunia unaliacha wapi, katikati ya mstari, na mwenyekiti anaangalia? Nilikwenda nalo. Karibu na ghala kuna kijito kimekauka, unashuka halafu unapanda. Pale kwenye kupanda ndipo niliposikia kitu kinateremka ndani yangu, kizito, cha moto, kikakaa katikati ya mapaja. Nikasimama. Sikuthubutu kukohoa. Mwanamke aliyekuwa nyuma akasema, "Twende, mama Susana, unatuzibia njia."

Dafroza alinilaza kwenye kitanda kilekile. Aliangalia, akafunika na shuka, akageukia dirishani. "Kizazi kimeshuka," akasema. Akakirudisha kwa mkono, akaninyanyulia miguu kwenye mito, akaniambia nisimame kidogo iwezekanavyo. Nikamuuliza kama nitakimbia. Alikuwa mwanamke asiyejua kudanganya, basi akaanza kukunja bandeji ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Habari zilifika kijijini kabla yangu. Mnadhani walisema gunia? Gunia wapi! Mama mkwe aliingia akipiga makofi ya huzuni, "Si tulisema? Si tulisema, mwanangu?" Mzee Nathanieli akaja na mkungu wa ndizi, mpole kabisa, akakaa kwenye kigoda. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Afadhali wewe limekukuta kizazi, guu unalo." Alidhani ananifariji. Danford akatoka Musoma na mikate, akakaa pembeni ya kitanda akanishika mkono. "Ni zile mbio, mama Susana," akasema taratibu. "Basi, yameisha. Usilie."

Niliruka nikamtupia mkate. Nilipiga kelele, "Gunia! Ni gunia lenu! Nilikimbia miezi hakikushuka, nimebeba siku chache kimeshuka!" Akatoka nje, nikamsikia anamwambia mama yake kwamba nina homa.

Siku ya Saba Saba nilikuwa nimelala, miguu juu ya gunia tupu lililokunjwa. Jioni Mwalimu Boniphace alipita. Alishinda msichana wa Tarime, akasema, kwa muda ambao mimi nikiwa mzima ningeushinda nikiwa naongea. Nikamuuliza kwa nini ananiambia. Akasema hajui. Huyo msichana alikwenda Dar es Salaam, akaajiriwa magereza, akajenga. Simwonei wivu. Uongo, namwonea.

Dafroza naye hakudumu. Kijiji kilimlalamikia kwamba ameharibu mke wa mtu kwa kumfundisha mbio, akahamishwa. Alikuja kuniaga, akaniambia, "Wankyo, ulifanya kila kitu sawa." Tangu siku hiyo hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniambia hivyo. Na hapa kijijini nikageuzwa somo. Mtoto wa kike akionekana anakimbia, mama yake anamwita, "Njoo hapa! Unataka yakukute ya mama Susana?" Wanalisema mbele yangu, nimekaa, nachambua mchicha. Nilieleza, nikaeleza tena, mpaka nikajisikia mwenyewe nimekuwa yule mama mwenye gunia lake, watu wanaitikia "ndiyo mama" huku wanaangalia pembeni.

Nikabaki na Susana. Nikasema, huyu ni wangu, huyu atajua. Alirithi miguu yangu. Shuleni aliwaacha wote, akavuka mpaka Mwanza nilikozuiwa mimi, akarudi na kikombe, mimi ndiye niliyempokea stendi nikicheza, na kizazi changu kimefungwa kwa kitambaa. Baadaye akaolewa Guta, akajifungua mtoto wa kiume. Alipomaliza arobaini nilikwenda kumwona. Nilipanga maneno njia nzima. Nikamkalisha, nikamweleza kila kitu alichonifundisha Dafroza: kulala chali, kukaza, kutembea kwanza, kupima tumbo kwa vidole, nguzo kwa nguzo. Nikamwambia, "Usiharakishe, mwanangu. Lakini usiache. Ukifuata hivi utakimbia tena salama."

Alinisikiliza kwa adabu zote. Halafu akanishika goti, na machoni kwake nikaona huruma, ile ile ya Mzee Nathanieli na mkungu wake wa ndizi.

"Mama," akasema, "mimi mbio nimeziacha. Bibi alinielezaga yaliyokupata. Siwezi kucheza na mwili wangu."

Nje wakamwita, mihogo inatakiwa sokoni. Akanipa mtoto nimshike. Wakamwinulia gunia, akaliweka vizuri kichwani, akakaza shingo, akaondoka akitembea taratibu kabisa, asije akaumia.